Maswali ya Wasomaji: Nani Ameshika Kamera?

Katika toleo lililopita, tulipozungumzia filamu za maisha halisi zinazorekodiwa kwa simu, niliandika kwamba ni makundi machache yaliyoitumia video ya mtandaoni kujisimulia kwa bidii kama watu waliobadili jinsia. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko ukurasa wote uliobaki. Za matusi nimeziweka kando. Zilizouliza jambo nimezisoma zote, na hapa nimechagua nne. Waandishi wawili waliomba majina yao yasitokee, nami nimeona ni haki wote wanne wapate hifadhi hiyo hiyo.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uandishi wa habari hapa Morogoro. Darasani tunafundishwa kwamba habari haiwi habari mpaka awepo mtu wa tatu anayeuliza, anayepima na anayehakiki. Sasa mtu anayejifungia chumbani, akajirekodi, akajihariri na kujirusha hewani mwenyewe, ana tofauti gani na wale wanaotafuta kiki? Je, mahojiano yaliyofanywa na mwandishi mzoefu si ndiyo yanayotupatia ukweli zaidi kuhusu watu hawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hajakosea, ila kanuni aliyokufundisha ina sharti ambalo halisemwi mara nyingi, nalo ni kwamba yule mtu wa tatu awe anajua la kuuliza. Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti la Daily News la New York liliweka ukurasa wa mbele habari ya kijana aliyewahi kuwa askari wa Marekani ambaye sasa, kwa maneno ya gazeti, alikuwa mrembo wa nywele za dhahabu. Aliitwa Christine Jorgensen na alikuwa bado Denmark kwa matibabu. Gazeti lilipata habari hiyo kupitia barua ambayo mwenyewe aliwaandikia wazazi wake, barua ya mtoto kwa baba na mama. Kwa hiyo dunia ilimfahamu kupitia karatasi ambayo hakuiandika kwa ajili ya dunia, na maisha yake yote yaliyofuata aliyaishi akiijibu habari ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuianza.

Utasema hayo ni ya zamani. Basi njoo Januari 2014, zaidi ya miaka 60 baadaye, katika studio ya Katie Couric, mtangazaji ambaye hakuna anayeweza kumwita mchanga katika kazi hii. Mbele yake waliketi mwanamitindo Carmen Carrera na mwigizaji Laverne Cox, wote wawili wanawake waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wakahesabiwa wavulana, na haukupita muda mrefu kabla ya maswali kufika kwenye maumbile yao ya siri. Carrera alikataa kujibu. Cox alieleza kwa upole kwamba watu wanapong'ang'ania habari za upasuaji, humgeuza mtu kuwa kitu cha kutazamwa na hupoteza nafasi ya kuuliza juu ya ajira anazonyimwa na mapigo anayopata. Kwa haki yake, Couric aliyarusha mazungumzo hayo na baadaye akakiri hadharani kwamba alikuwa amejifunza. Lakini tazama: mwandishi mzoefu, studio kamili, wahariri wa kutosha, na bado swali la kwanza kichwani ni lilelile la mwaka 1952.

Sasa linganisha na kilichokuwa kikiendelea pembeni. YouTube ilianza mwaka 2005, na haikuchukua muda kabla ya vijana wa Marekani, Kanada na Uingereza kuanza kuweka humo kitu kinachofanana na shajara. Video ilipewa jina la muda: wiki ya pili tangu kuanza homoni, mwezi wa tatu, mwaka mmoja. Mtu aliketi kitandani, akasema tarehe, kisha akaeleza. Sehemu kubwa ya video hizo inachosha, nami nasema hivyo kwa sifa. Humo kuna habari za sindano iliyouma, bosi aliyekosea jina mara tatu kwa siku moja, ndevu mbili zilizoota kidevuni na kuoneshwa kamera kwa fahari kubwa, na mwenye nyumba anayetaka kitambulisho chenye sura inayolingana na mpangaji. Hakuna aliyeuliza juu ya maumbile kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa na mambo mengine ya kusema. Swali lilikuwa limehama kutoka «ulikuwa nani?» kwenda «umeshindaje leo?»

Tena, kwa nini iwe video na si maandishi? Jibu liko kwenye sauti. Mwanamume aliyebadili jinsia, yaani aliyezaliwa akahesabiwa msichana, akitumia testosteroni, homoni ya kiume, nyuzi zake za sauti hunenepa na sauti hushuka, kama inavyowatokea wavulana wakibalehe. Kwa upande wa pili mambo si hivyo: estrojeni, homoni ya kike, haiwezi kuipandisha sauti ambayo imekwisha kushuka, na mwanamke aliyebadili jinsia anayetaka sauti yake ibadilike hana budi kuifanyia mazoezi kwa miezi mingi, kama mwimbaji. Picha haioneshi jambo hilo, na makala haiwezi kulisikilizisha. Kwa hiyo wengi walibuni mbinu rahisi ya kusoma sentensi ileile kila mwezi na kuziunganisha zote katika dakika mbili, ukasikia mtu akisogea hatua kwa hatua kuelekea sauti yake. Wengine walirekodi mazoezi yenyewe, kukwama na kurudia, na wenzao walioishi mbali na mtaalamu yeyote wa sauti wakajifunza kutoka kwao. Sijui ni mwandishi gani mzoefu angekuja nyumbani kwa mtu mara kumi na mbili kwa mwaka kurekodi sentensi moja.

Kuhusu kiki, nitakupa mfano mmoja tu. Nikkie de Jager wa Uholanzi, anayejulikana kama NikkieTutorials, alikuwa akifundisha urembo YouTube tangu mwaka 2008 na alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 12, na hakuwahi kusema kwamba amebadili jinsia. Tarehe 13 Januari 2020 aliweka video akalisema, na akaeleza sababu ya kulisema siku hiyo: kulikuwa na watu waliomtishia kwamba wangeivujisha habari yake kwa vyombo vya habari. Mtu mwenye watazamaji milioni 12 hahitaji kiki. Alichohitaji ni kuwahi. Jorgensen hakupata nafasi ya kuwahi. Ukiweka matukio hayo mawili sambamba, utaona kwamba kilichobadilika zaidi katikati yake ni umiliki wa saa ya kutangaza, yaani nani anaamua kwamba leo ndiyo siku.

Hata hivyo sitaki uondoke ukidhani kwamba anayejisimulia hasemi uongo, au kwamba hajihariri kwa namna ya kujipendelea. Wanaozima kamera wakati mambo yamekwenda vibaya hatuwaoni. Shajara hizi nazo zimezaa mtindo wake: mwanzo wa huzuni, katikati ya subira, mwisho wa furaha, na mtu ambaye maisha yake hayafuati njia hiyo huhisi kwamba amefeli mtihani. Zaidi ya hayo, mtu akishasikilizwa sana hugeuzwa msemaji wa wote, apende asipende. Natalie Wynn wa Marekani, mwanamke aliyebadili jinsia mwenye chaneli ya YouTube iitwayo ContraPoints, mwaka 2019 aliandamwa vikali, na baadhi ya waliokuwa upande wake hapo awali ndio waliokuwa mstari wa mbele, kwa sababu katika video moja ndefu alitumia kwa sekunde chache sauti ya mwanamume aliyebadili jinsia ambaye maoni yake wengine hawayapendi. Mwigizaji wa kawaida hashitakiwi kwa niaba ya taifa zima kwa kosa la sekunde chache.

Kwa hiyo katika kazi yako, chukua video hizo kama ushahidi wa mtu wa kwanza, uupime kama unavyopima ushahidi wowote. Anachosema kuhusu maisha yake, yeye ndiye mjuzi. Anachosema kuhusu dawa, muulize daktari. Na siku utakayomhoji mtu wa namna hii, tazama kwanza kile ambacho amekwisha kukieleza mwenyewe, ili usimfanye aanze upya kwa ajili yako.

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mfasiri hapa Mombasa, na sehemu ya kazi yangu ni kuziwekea video za Kiingereza manukuu ya Kiswahili. Nimepewa video ya binti aliyebadili jinsia anayezungumza na mama yake. Kuna mahali mama anatumia kiwakilishi cha kiume, binti anamsahihisha kwa kiwakilishi cha kike, na pale ndipo mama anapolia. Kwa Kiswahili wote ni «yeye»! Nimekaa na dakika hiyo siku tatu. Na tena, nimwite nani huyu binti? Wenzangu wananipa maneno manne tofauti na kila moja linaniudhi.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu umelifikia jambo ambalo wengi wanaozungumza juu ya watu hawa kwa Kiswahili hawajaligundua: mzozo mkubwa wa viwakilishi uliowashughulisha Waingereza na Wamarekani kwa miaka mingi, lugha yetu haina pa kuuweka. Tukisema «amefika», «amelia», «anampenda», hatujasema kama ni mume au mke, na hatujawahi kuona upungufu.

Lakini usidhani kwamba jinsia haimo katika usemi wetu. Imo kwenye maneno ya kuitana. Sisi hatumkosei mtu kwa «yeye», tunamkosea kwa «kaka», «dada», «bwana», «bibi», «mjomba», «shangazi». Kwa hiyo ihamishe dakika yako huko. Mama aseme «kijana wangu wa kiume», na mwanawe ajibu «binti yako, mama». Nadhani machozi yatakuja mahali palepale. Na kama baadaye katika video mama anaanza kulegea bila kukubali moja kwa moja, unalo neno ambalo Kiingereza kingelitamani sana, yaani «mwanangu». Mama wa Kiswahili akitaka kusubiri moyo wake, hujificha ndani ya neno hilo. Ukilitumia pale anaposita, watazamaji wa pwani watalisikia zaidi kuliko alivyolisikia mtazamaji wa Kiingereza. Ila usilitumie mapema, litakumalizia kisa.

Sasa majina. Nadhani ninayajua maneno manne uliyopewa, maana hata mimi nimeletewa. «Shoga» liliwahi kuwa, na kwa wanawake wengi wa pwani bado ni, neno la rafiki wa kike. Leo limebebeshwa maana ya mwanamume anayependa wanaume, jambo ambalo binti wako hakulizungumza. «Hanithi» ni tusi, na hata kabla ya kuwa tusi lilimhusu mwanamume asiye na nguvu za kiume. «Huntha» limetujia kutoka Kiarabu na linakaa katika vitabu vya fiqhi. Ni mtu aliyezaliwa na alama za jinsi zote mbili, na watu hao ni kundi jingine kabisa, ambalo Kenya ililihesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019 na kupata watu 1,524. «Mwenye jinsia mbili» ni hao hao kwa jina la redioni. Ukimwita binti wako lolote kati ya hayo, utakuwa umetafsiri mtu mwingine.

Vyombo vyetu vya habari vimezoea «aliyebadili jinsia», na mimi hulitumia kwa sababu msomaji analielewa. Kasoro yake ni kwamba linamfanya mtu aonekane kama aliyebadilisha gari. Wengi wao husema kwamba hawakubadili chochote ndani yao, bali waliacha kuficha. Na wapo ambao hawajatumia dawa wala kufanyiwa upasuaji wowote. Wapo pia vijana wanaotohoa na kusema «transi», na huenda siku moja kamusi italipokea. Ushauri wangu ni kutumia «mwanamke aliyebadili jinsia» mara moja tu, pale ambapo yeye mwenyewe anajieleza, na baada ya hapo liwe neno «mwanamke» au jina lake, kwa sababu hata katika video yake nina hakika harudii kila sentensi.

Jambo moja dogo zaidi. Wengi wa watengenezaji hawa huifuta sauti pale mzazi anapotaja jina la zamani. Ukisikia mlio au kimya kifupi mahali penye jina, usilitafute ukaliandika kwenye manukuu kwa kisingizio cha ukamilifu. Sisi tuliolelewa na vibanda umiza, tukitazama filamu za Kihindi na Kichina kupitia sauti ya Lufufu, tunajua utamu wa mfasiri anayeongeza chumvi, na hakuna aliyemlalamikia kwa kumpa jambazi wa Hong Kong maneno ya Manzese. Hapa chumvi haifai. Binti huyo ameihariri sauti yake mwenyewe, na kimya chake nacho kinatafsiriwa kwa kimya.

SWALI: Mhariri, natumai u mzima. Nina chaneli ndogo ya mapishi Nairobi, na ninaijua taabu ya kutafuta watazamaji. Kila siku nasikia mambo mawili yanayogongana. Mara watu hawa wanabebwa na kampuni kubwa za Marekani, mara wanalalamika kwamba wanafichwa. Ukweli ni upi?

JIBU: Yote mawili yametokea, ndugu yangu, na wakati mwingine kwa mtu yuleyule. YouTube ina mpangilio wa udhibiti ambao shule na maktaba huuwasha ili watoto wasione mambo ya kikubwa. Machi 2017 watengenezaji wengi waligundua kwamba ukiuwasha, video zao za kawaida zinatoweka: mtu anayeeleza jinsi alivyowaambia wazazi wake, mtu anayesoma barua, hata mafunzo ya urembo. Kampuni ilikiri kwamba mfumo wake ulikosea, na mwezi uliofuata ikasema imezirudisha video milioni 12 za kila aina zilizokuwa zimefichwa bila sababu. Kilichobaki ni ile dola ya njano ambayo bila shaka unaijua, alama inayokuambia kwamba matangazo yamepunguzwa au yameondolewa. Chase Ross wa Kanada, mwanamume aliyebadili jinsia na mmoja wa wakongwe wa shajara nilizozieleza hapo juu, mwaka 2018 alilalamika kwamba neno la kumtaja mtu wa aina yake likiwa katika kichwa cha video, matangazo yanaondoka. Mwaka 2019 yeye na wenzake walifungua kesi California. Januari 2021 ilitupwa; hoja kubwa ikiwa kwamba kampuni binafsi haibanwi na kifungu cha katiba ya Marekani kinachoizuia serikali kuziba midomo ya watu.

TikTok nayo ilikuwa na mtindo wake, ambao mimi naona ni wa ajabu zaidi. Desemba 2019 waandishi wa tovuti ya habari ya Netzpolitik nchini Ujerumani walifichua miongozo ya ndani iliyowataka wasimamizi wapunguze usambaaji wa video za watu wenye ulemavu, wanene na wengine walioonekana wanaweza kudhihakiwa. Sababu iliyotolewa ni kuwalinda. Kampuni ilikubali kwamba mwongozo huo ulikuwepo na kwamba haukufaa. Yaani badala ya kumzuia anayerusha mawe, walimfungia ndani anayerushiwa.

Na huko kubebwa? Mfano unaotajwa zaidi ni Dylan Mulvaney, aliyeanza Machi 2022 kuweka TikTok video fupi ya kila siku kuhusu maisha yake kama msichana, akapata wafuasi zaidi ya milioni 10 na kualikwa Ikulu ya Marekani Oktoba mwaka huohuo kumhoji Rais Biden. Aprili 2023 alitangaza bia ya Bud Light katika video moja fupi. Kampeni ya kuisusia bia hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwezi Mei ilipoteza nafasi yake ya kuwa bia inayouzwa zaidi Marekani, na Mulvaney mwenyewe alisema baadaye kwamba katika miezi ya vitisho kampuni hiyo haikumtafuta. Kama huko ndiko kubebwa, basi ni kule kubebwa na basi ambalo dereva ameruka njiani.

Wanaodumu, kwa jinsi ninavyowatazama, ni wale ambao hawakutegemea matangazo. Wynn niliyemtaja analipwa kwa michango ya kila mwezi ya watazamaji wake kupitia Patreon, ndiyo maana anaweza kukaa miezi kadhaa akitengeneza video moja ya zaidi ya saa moja yenye mavazi na mandhari kama ya jukwaani. Sisemi uige, kwani watazamaji wetu wa mapishi hawajazoea kuchangia, lakini tofauti ya kazi inaonekana wazi.

SWALI: Mhariri, tafadhali usinitaje jina wala mji. Mdogo wangu amebadili jinsia. Anataka tumrekodi kila mwezi kama hao wa YouTube, kisha aziweke mtandaoni. Mimi ndiye mwenye simu nzuri, kwa hiyo ameniomba mimi. Wazazi hawajui. Nikimkatalia nitakuwa nimemwonea, nikikubali naogopa. Nifanye nini?

JIBU: Mama, au dada, hukunieleza umri wako, basi nikuite dada. Umemwita «mdogo wangu», nami nitamwita hivyohivyo.

Hofu yako si ya bure. Nchini Uganda sheria ya mwaka 2023 inatoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayehukumiwa kwa kile inachokiita kuendeleza ushoga, na ingawa kubadili jinsia ni jambo jingine, askari na majirani hawatofautishi. Tanzania tangu mwaka 2018 ina kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazowataka wenye televisheni za mtandaoni kusajiliwa. Kenya kuna nafuu kidogo katika jambo moja: Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti cha kidato cha nne chenye jina lake la sasa, bila alama ya jinsia. Yeye alichagua kujitokeza kwa sura na jina, lakini alikuwa na mawakili pembeni na kesi iliyohitaji awepo.

Kisa kinachomhusu zaidi mdogo wako, naona, ni cha Cleopatra Kambugu wa Uganda, naye mwanamke aliyebadili jinsia. Gazeti moja la udaku lilimtangaza, na akalazimika kuhamia Kenya. Simulizi yake kwa kauli yake ilitoka kwa sehemu fupifupi mtandaoni, iliyorekodiwa na mwongozaji wa Uswidi Jonny von Wallström, na mwaka 2016 ikawa filamu kamili. Kinachonigusa ndani yake ni mambo ya nyumbani, yeye na mwenzi wake wakiishi tu. Lakini zingatia kwamba kwake siri ilikuwa imekwisha kuvunjwa na wengine. Kwa mdogo wako, siri bado ni mali yake.

Ndiyo maana nakuomba uyatenge mambo mawili ambayo ombi lake limeyafunga pamoja. Kurekodi ni jambo moja, na kuchapisha ni jambo jingine kabisa, linaloweza kusubiri mwaka au miaka mitano. Video ikishatoka haijui kurudi. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani walizichukua shajara za YouTube za watu 38 waliokuwa wakitumia homoni, wakazikata kuwa picha zaidi ya milioni moja, na kuzitumia kuifundisha kompyuta itambue nyuso za watu waliobadilika sura. Baadhi ya wenye video hizo walikuja kujua kupitia habari. Walikuwa wameziweka ili wenzao wajifunze, na zilikuwa wazi kwa kila mtu, kwa hiyo kila mtu alizichukua.

Basi mrekodi, lakini chumba kiwe kitupu. Geuza kitanda ili dirisha lisionekane. Ondoa kalenda ya duka la mtaani, sare, cheti ukutani na picha ya harusi ya wazazi, ambao hawajaulizwa na hawapaswi kuingizwa humo. Sikiliza pia, kwa sababu adhana ya msikiti wenu, kengele ya shule au gari la matangazo linalopita linataja mtaa waziwazi kuliko kibao. Zima kwenye kamera ya simu kile kipengele kinachohifadhi mahali ulipo. Usiitume video kwa WhatsApp hata kwa mtu mmoja anayeaminika, kwani huyo naye ana mtu mmoja anayeaminika. Kama siku moja ataamua kuchapisha, anaweza kuanza na sauti peke yake, au mikono ikifanya kazi huku akizungumza. Wapo waliofanya hivyo na wakasikilizwa.

Chagueni sentensi fupi ambayo anaipenda, aisome kila mwezi tarehe ileile, simu ikiwa umbali uleule kutoka mdomoni. Wewe bonyeza, halafu utoke chumbani kama akitaka. Mkimaliza, hamisha faili kwenye kadi ya kumbukumbu, ifute kwenye simu yako pamoja na lile kapu la picha zilizofutwa ambalo watu husahau kulimwaga, kisha kadi umkabidhi. Asibaki nayo mtu mwingine, hata wewe.